Kilomita kumi hadi Mikindani



Msomaji mpenzi wa ukurasa huu wa familia, juma hili nimekusudia kuandika juu ya matembezi. Si safari ya Hija wala Umra, na wala si safari ya biashara. Ni matembezi ya siku moja, yasiyopangwa, ya familia moja ya Mtwara mjini iliyokuwa na shilingi 40,000 za kutumia na watoto waliochoka kukaa ndani. Nilidhani nitaeleza tu namna ya kuwatembeza watoto bila gharama kubwa. Hilo nitalieleza, insha Allah. Lakini yaliyotukuta huko yamekuwa makubwa kuliko nilivyotaraji, na mwenye habari hiyo amenipa idhini niiseme kwa sharti moja, nisimtaje jina.

Ilikuwa Jumapili ya likizo ya mwezi wa sita. Kwetu Kusini huo ni mwezi wa mikono mitupu. Msimu wa korosho uko mbali, fedha za msimu uliopita zimekwisha katika ada na palizi, na chache zilizosalia zinangojewa na dawa ya kupulizia mikorosho. Watoto walikuwa wamemaliza juma zima wakigombania simu ya baba yao. Baada ya sala ya alfajiri, mume wangu alirudi kutoka msikitini, akawatazama walivyojilaza sebuleni, akasema, "Leo tutoke. Tukautazame uumbaji wa Mola wetu kwa macho, si kwenye kioo."

Wazo lake lilikuwa Msimbati. Nani asiyeijua sifa ya Msimbati, mchanga wake na maji yake? Lakini Msimbati iko umbali wa kilomita zipatazo 45, njia ni ya kupitia Madimba, na kwa sisi tusio na gari ilitupasa kuwa na hakika ya usafiri wa kurudi. Tulipopiga hesabu, 40,000 haikutosha.

Mama mkwe wangu, anayeishi nasi na ambaye umri wake unakaribia miaka 80, alikuwa ameketi mkekani na tasbihi yake. Akasema kwa sauti ya chini, "Bahari ni ile ile. Kama mna nafasi ya mtu mzima, nipelekeni Mikindani. Nina deni huko."

Mume wangu alicheka akidhani ni deni la fedha. Bibi hakucheka.

Kutoka Mtwara mjini hadi Mikindani ni kilomita kumi tu. Manispaa yetu yenyewe inaitwa Mtwara Mikindani. Mama mkwe alilelewa huko na bibi yake mpaka alipoolewa, na tangu miaka mingi hakuwa amefika makaburini kwao. Daladala hupita kutwa kucha. Nilipolifikiri hilo niliona haya, maana mimi ndiye mkaza mwana, na sikuwahi kumuuliza hata siku moja kama angependa kwenda.

Maandalizi yalichukua nusu saa. Tulifunga chapati za jana, viazi vitamu vya kuchemsha na chupa mbili za maji. Tukachukua kanga mbili za kuketia, msala mmoja, na mfuko mtupu wa kurudishia taka. Garini mume wangu aliwaongoza watoto kusoma dua ya kupanda chombo, ile ambayo asili yake imo katika Suratuz-Zukhruf. Mwanangu wa kiume, aliye darasa la tatu, akauliza kama leo tutasali rakaa mbili mbili kwa kuwa tuko safarini. Baba yake akamweleza kuwa si kila anayetoka nyumbani huitwa msafiri kisheria. Wanavyuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Imam Shafi ambayo ndiyo wengi wetu tunayafuata, wameweka umbali wa marhala mbili, yaani zaidi ya kilomita 80 za kwenda pekee. Kilomita kumi ni matembezi, hivyo sala ni kamili na ni kwa wakati wake. Jambo hili dogo nalitaja kwa sababu familia nyingi hutoka kwenda ufukweni, na adhuhuri na alasiri zikawapita kwa dhana kuwa watazikusanya jioni.

Tulishuka kando ya ghuba. Msomaji ambaye hajafika Mikindani na aijue hivi: ni ghuba iliyojikunja kama bakuli, mlango wake wa bahari ni mwembamba, na ndani maji hutulia hata upepo wa kusi unapovuma nje. Wenyeji husema jina lake lilitokana na mikinda, yaani minazi michanga. Kwa utulivu wa maji hayo watu walikaa hapa tangu zamani sana. Wachimbuzi wa mambo ya kale wamekuta kandokando ya ghuba mabaki ya makazi ya zaidi ya miaka elfu moja iliyopita. Maji yalikuwa yamekupwa tulipofika. Watoto walisimama wakitazama mizizi ya mikoko iliyojiinua juu ya tope kama vidole, na kaa wadogo wakiingia na kutoka katika matundu. Mume wangu aliwaonyesha samaki wachanga waliojificha kati ya mizizi, akawaeleza kuwa anayekata mikoko ovyo kwa ajili ya boriti anakata pia kitoweo cha kesho.

Kisha tuliingia mji wa kale. Vichochoro vyake ni vyembamba, na nyumba zake ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Nyingine zina milango ya nakshi na roshani za mbao, nyingine zimebaki kuta na miti imeota juu yake. Juu ya mteremko liko boma jeupe walilolijenga Wajerumani mwaka 1895, ambalo sasa ni hoteli. Iko pia nyumba yenye kibao cha kumbukumbu ya David Livingstone, aliyeanzia hapa safari yake ya mwisho ya bara mwaka 1866. Yote hayo hutazamwa kwa kupita tu, na macho hayalipi kiingilio.

Tukafika kwenye jengo la kale ambalo watu hulitaja kuwa lilikuwa soko la watumwa. Binti yangu mkubwa, aliye darasa la sita, ameyasoma hayo shuleni. Alisimama kitambo, kisha akageuka na kumuuliza bibi yake, si mimi, "Bibi, hao waliouza watu hapa walikuwa Waislamu?"

Nakiri, msomaji wangu, kuwa nilitaka kumkatiza. Swali hilo linatuumiza, kwa kuwa tumezoea kulisikia likiulizwa na wasiotutakia mema. Mume wangu naye alianza kusema habari za Wafaransa wa visiwani waliokuwa wakinunua watu Kilwa katika karne ya 18, na hiyo ni kweli. Bibi hakujibu. Alishika mkono wa mjukuu wake, akasema, "Twendeni tukasali kwanza."

Adhuhuri ilikuwa imeadhiniwa. Mume wangu na mwanawe waliingia msikitini. Kwa bahati mbaya msikiti tuliouendea haukuwa na sehemu ya wanawake, nasi tulibaki nje na mtoto mdogo mgongoni, hatujui tutatilia udhu wapi. Mama mmoja aliyekuwa akikuna nazi barazani kwake alituona. Hakutuuliza tumetoka wapi. Alisema, "Karibuni, piteni ndani," akatupa ndoo ya maji na kata, akatutandikia mkeka chumbani, akageuza uso wetu kuelekea kibla. Tulipotoa salamu tulikuta ametuwekea madafu. Nilipotaka kulipa alikunja uso kama niliyemtukana. Hapo ndipo Bibi alipojitambulisha kwa jina la mtaa na la bibi yake, na yule mama akaita mzee mmoja wa jirani anayeyajua makaburi.

Kabla ya kwenda, mume wangu alimuuliza shehe aliyesalisha juu ya wanawake kuzuru makaburi, maana najua baadhi ya wasomaji wameshaanza kuuliza. Shehe alisema kwa upole kwamba wanavyuoni wamekhitilafiana. Wako wanaochukia wanawake kwenda, kwa kuhofia kilio na maombolezo. Wako wanaoruhusu kwa adabu, na hoja yao mojawapo ni kisa cha Mtume (s.a.w.) kumpitia mwanamke aliyekuwa akilia kaburini: alimuusia kumcha Mwenyezi Mungu na kusubiri, na hakumfukuza. Wote wameafikiana juu ya lengo la ziyara, nalo ni kukumbuka akhera na kuwaombea waliotangulia, si kuwaomba wao. Tulikubali maneno hayo, tukaenda.

Makaburi ya kale ya pwani hayafanani. Yako yaliyojengewa kwa mawe na chokaa, yenye kuta na urembo, ya watu waliokuwa na mali. Na yako yale ambayo ni jiwe moja kichwani na moja miguuni, basi. Bibi alitupitisha katika yale ya kwanza bila kusimama. Alikuwa akitafuta mbuyu. Mbuyu tuliukuta, lakini mawe yaliyokuwa chini yake yalikuwa mengi, nyasi zilikuwa nyingi, na macho yake si yale ya zamani. "Ni moja katika haya," alisema hatimaye. "Bibi yangu yuko hapa, na mama yake yuko ubavuni mwake. Lipi kwa lipi, Mola ndiye ajuaye."

Tuliwatolea salamu wafu kama tulivyofundishwa, mume wangu akaomba dua, nasi tukaitikia amina. Watoto waling'oa nyasi. Kisha Bibi akaketi juu ya kanga yake, akamwita binti yangu.

"Mjukuu wangu, uliniuliza swali kule nikanyamaza. Sasa nitakujibu, na baba yako asikie, maana naye sijapata kumwambia. Huyu bibi aliyenilea, mama yake hakuzaliwa pwani. Aliletwa na msafara kutoka upande wa Nyasa akiwa mtoto, kimo chako wewe. Hakuvushwa bahari. Alinunuliwa na watu wa hapa hapa mjini, akatumika nyumbani kwao na katika shamba lao la mtama mpaka akawa mtu mzima. Jina alilopewa na wazazi wake hatulijui. Tunalolijua ni lile aliloitwa na waliomnunua. Na waliomnunua, naam, walikuwa wakisali."

Hakuna aliyesema neno. Upepo ulikuwa ukipita mbuyuni.

"Lakini sikiliza tena," akaendelea. "Yeye naye alisali. Hakuna aliyemlazimisha. Bibi yangu alinieleza kuwa mama yake alikuwa akisema, katika sijida hakuna mtu aliye juu ya mwenziwe. Wale wamekufa, na yeye amekufa, wote wako chini ya udongo huu huu. Wao wana majengo, yeye ana jiwe. Mbele ya Mola wao hesabu ni nyingine."

Mume wangu alikuwa ameinama, anang'oa nyasi mahali ambapo nyasi zilikwishakwisha. Akauliza, "Mama, kwa nini hukuniambia miaka yote hii?"

"Niliapishwa," akajibu. "Bibi yangu alinieleza mara moja tu, usiku, akaniapisha kwa jina la Mwenyezi Mungu nisimwambie mtu. Alisema, ukisema, watoto wako hawataoa wala kuolewa. Hilo ndilo deni langu. Nimekuja kumwambia kuwa kiapo chake sikiwezi tena."

Hapa, msomaji mpenzi, yanipasa nikueleze jambo la nyumbani kwetu. Miezi miwili kabla ya siku hiyo, kijana mmoja alileta posa ya binti wa shemeji yangu. Ni kijana anayesali, ana kazi ya halali, na binti mwenyewe alimridhia. Wazee walikaa kikao, na neno lililotoka ni kwamba asili yake haijulikani. Kwa sisi watu wa pwani neno hilo halihitaji tafsiri. Posa ikarudishwa. Mama mkwe wangu alikuwemo katika kikao kile, akatazama mkeka, hakusema lolote. Binti yule tangu siku ile hajawa mtu wa kucheka.

"Siku ile ya kikao nilipaswa kusema," Bibi alituambia pale makaburini. "Niliogopa. Nimeogopa kwa niaba ya watu waliokwisha kufa."

Mikindani ilinawiri sana katika karne ya 19, hasa zama za Sayyid Barghash wa Zanzibar aliyetawala kuanzia mwaka 1870 hadi 1888. Misafara ilileta pwani pembe za ndovu, sandarusi, mpira na binadamu. Mkataba wa mwaka 1873 ulipiga marufuku kuwasafirisha watumwa kwa bahari, lakini utumwa wa majumbani na mashambani uliendelea chini ya Wajerumani, na haukufutwa kisheria Tanganyika mpaka mwaka 1922. Maana yake ni kwamba wako wazee tuliowaona kwa macho yetu ambao wazazi wao walizaliwa katika hali hiyo. Tena uislamu wetu wa vijijini huku Kusini umeenea kwa wingi baada ya vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907, na haukupelekwa na masultani. Ulipelekwa na walimu wa kawaida, wengi wao watu wasio na mali wala nasaba ya kujivunia, waliofundisha watoto chini ya miembe. Wengi tunaojiita waungwana leo, tukipekua vizuri, tutakuta msafara mahali fulani katika ukoo wetu: ama aliyefungwa, ama aliyefunga, ama wote wawili.

Na dini inasema nini? Kitabu cha Allah (s.w.) kimefanya kumwacha huru mtumwa kuwa kafara ya kuua bila kukusudia katika Suratun-Nisaa, na ya dhihari katika Suratul-Mujadila. Katika Suratut-Tawba kimetenga fungu la zaka kwa ajili ya kuwakomboa walio utumwani. Ummu Ayman, aliyemlea Mtume wetu (s.a.w.), alikuwa mjakazi aliyeachwa huru, na Mtume akimheshimu kama mama. Bilali alipanda juu ya Al-Kaaba akaadhini siku ya ukombozi wa Makka, na wako waliochukia kumwona yeye, kwa asili yake, juu ya nyumba ile. Kuchukia kule ndiko kulikokaa katika kikao chetu cha posa. Wanavyuoni wameandika juu ya kufu katika ndoa, nami simpingi yeyote, lakini wamesema pia kuwa hiyo ni haki inayoweza kusamehewa, na Mtume (s.a.w.) alipousia juu ya mposaji alitaja dini na tabia.

Kwa hiyo nikamjibu binti yangu mimi mwenyewe, kwa kuwa swali lilikuwa la haki: Ndiyo, baadhi yao walikuwa Waislamu, na walikosea. Dini haikuwatuma kuvamia vijiji na kuiba watoto. Tukificha kosa lao kwa ajili ya kuilinda dini, tunamficha pia huyu bibi aliyelala hapa, na yeye ndiye Muislamu tuliyetokana naye.

Tuliondoka Mikindani saa nane na nusu. Ungedhani baada ya hayo tungerudi nyumbani. Lakini watoto ni watoto, na walikuwa wameahidiwa kuoga baharini. Bibi mwenyewe ndiye aliyesema twende. Tulipanda daladala hadi mjini, tukachukua bajaji mpaka kivuko cha Msemo, tukavuka kwenda Msangamkuu kwa MV Mafanikio. Ni mwendo mfupi sana, lakini kwa mtoto ambaye hajapanda chombo cha majini ni safari kamili. Tukiwa kivukoni mume wangu aliwaonyesha upande wa kusini, akawaeleza kuwa huko mbele kuna Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, yenye kilomita za mraba 650 za matumbawe, mikoko, visiwa na mazalia ya kasa. Aliwaambia jinsi uvuvi wa baruti ulivyobomoa katika dakika moja matumbawe yaliyochukua miaka na miaka kukua. Akawaambia kuwa chini ya ardhi ile ile kuna gesi iliyogunduliwa mwaka 1982 na kuanza kutumika mwaka 2006, na kuwa ndiyo iliyowasha taa ya chumbani kwao kabla ya kupelekwa Dar es Salaam kwa bomba. Mwanangu aliuliza kwa nini basi huwa inakatika. Abiria walicheka, na baba yake hakuwa na jibu.

Msangamkuu tulikula viazi na chapati zetu, tukanunua ming'oko yenye chumvi na pilipili, na samaki wa kukaanga kwa mama mmoja pale ufukweni. Watoto waliogelea karibu, baba yao akiwa ndani ya maji pamoja nao, baada ya kuwauliza wavuvi ni wapi penye mkondo. Tulisali alasiri juu ya mchanga, Bibi akiwa ameketi. Baada ya sala alitaka kutia miguu majini. Binti yangu alimshika mkono, wakaingia mpaka magotini. Sikusikia walichozungumza, ila nilimwona Bibi akicheka kwa sauti mara wimbi lilipowapiga.

Kabla ya magharibi tulikuwa nyumbani. Sasa nitoe hesabu, maana wapo watakaotaka kuijua. Nauli ya daladala kwenda na kurudi kwa watu watano, shilingi 10,000. Bajaji kwa ajili ya Bibi, kwenda na kurudi kivukoni, shilingi 8,000. Kivuko, shilingi 3,000. Ming'oko na maji ya kuongeza, shilingi 5,500. Samaki, shilingi 5,000. Sanduku la msikiti, shilingi 2,000. Jumla ni 33,500, tukarudi na 6,500. Nauli hubadilika, nawe utapima kwa wingi wa familia yako.

Kwa anayetaka kufanya kama sisi, nina maneno manne. La kwanza, angalia maji kabla ya kutoka: yakipwa utaona mikoko na viumbe vyake, yakijaa utaogelea, na ukitoka mapema utapata yote mawili. La pili, zipange saa za siku kwa sala, kisha matembezi yajaze nafasi kati yake, na kina mama waulizie mapema penye mahali pa kusalia. Na enyi wasimamizi wa misikiti ya njiani, chumba kidogo na bomba la maji kwa wanawake ni sadaka inayoendelea. La tatu, rudisheni taka zenu nyumbani, kwani kuondoa la kuudhi njiani ni katika imani, sembuse kuliweka. La nne, mchukueni mzee. Gharama yake ni bajaji moja. Msimwambie akutajieni historia, mtembezeni tu mahali alipokulia, na muwe na subira ya kumsikiliza.

Ama habari ya kiapo, mama mkwe wangu alikwenda kwa shehe wa mtaani kwetu siku ya pili. Akaambiwa kuwa mwenye kuapa jambo, kisha akaona kinyume chake ndiyo kheri, na afanye lililo kheri na atoe kafara ya kiapo chake, iliyotajwa katika Suratul-Maida: kulisha masikini kumi, au kuwavisha, au kumwacha huru mtumwa, na asiyeweza afunge siku tatu. Bibi aliposikia hayo alirudia yale ya mwisho kwa midomo tu. Kisha akasema, "Masikini kumi. Hilo naliweza." Aliuza kanga zake mbili mpya alizozihifadhi kabatini. Mimi na binti yangu tulipika.

Siku ile ile ya kulisha masikini, mume wangu alimpigia simu ndugu yake, akamwomba aje Ijumaa baada ya sala, kuna neno mama anataka kusema mwenyewe. Ndugu yake aliuliza ni neno gani. Akaambiwa, ni la asili. Ninapoandika makala hii Ijumaa hiyo bado haijafika, na sijui shemeji yangu atalipokea vipi. Yeye ni mtu mwenye kujali sana jina la ukoo. Lakini najua kuwa mama yake hatatazama tena mkeka.

Nakuombeni dua zenu, kwa ajili ya binti yule na kijana yule, na kwa ajili ya mwanamke aliyelala chini ya mbuyu wa Mikindani ambaye jina lake la kwao analijua Mola wake peke yake.

Wabillahi tawfiq. Tukutane juma lijalo, insha Allah.